Mpini wa mashoto kutoka Kibuye: tathmini ya fundi aliyechongea bastola ambayo hajawahi kuiona

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia mpini wa mzeituni wa mwitu niliochongewa na fundi mmoja wa samani mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, kwa ajili ya bastola yangu ya kulenga shabaha. Kwa kuwa kila ninapokwenda uwanjani huulizwa ni nani aliyeuchonga, ulinigharimu kiasi gani na kama fundi huyo anaaminika, nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, mazuri na mabaya. Mpini huo ulinigharimu shilingi 14,500, ulichukua wiki 10 badala ya 4 nilizoahidiwa, ulipasuka mara moja, na leo hii mtu akiniletea mwingine wa kiwandani bure sitaupokea.

Bastola yenyewe ni Pardini SP ya kaliba .22, inayotengenezwa Italia kwa mashindano ya mita 25, na niliinunua, kwa kufuata taratibu zote za leseni, kutoka kwa mlengaji mwenzangu aliyekuwa ameacha mchezo. Bastola haikuwa na kasoro, wala muuzaji hakunidanganya. Ila yeye alikuwa mwanamume mwenye mkono mkubwa wa kulia, nami ni mwanamke mashoto ambaye hata glavu za ukubwa wa kati humpwaya. Bastola ya kawaida ya kujilinda ina mpini ambao mkono wowote unaweza kuushika, lakini mpini wa bastola ya shabaha hufuata kiganja cha mtu kama kiatu kinavyofuata mguu: upande mmoja una uvimbe unaojaza shimo la kiganja, upande wa pili una ngazi ya kupumzishia kidole gumba, na chini kuna kibao kinachobeba ukingo wa kiganja, ambacho nitakiita kiti cha kiganja. Mashoto anayeshika mpini wa kulia amevaa kiatu cha mguu mwingine, na nilikivaa kiatu hicho kwa karibu mwaka mzima.

Wasioujua mchezo huu huniuliza kama kipande cha mbao kinaweza kuleta tofauti yoyote. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma katika bastola yangu ni kama sentimita 22. Kwa hiyo kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu kutoka mahali pake, risasi itahama zaidi ya sentimita 11 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 25, ilhali duara la alama 10 kwenye shabaha ya usahihi lina kipenyo cha sentimita 5. Mpini usiokaa vizuri hukulazimisha kukunja kifundo cha mkono ili vilengeo vilingane, na kifundo kilichokunjwa huchoka na kurudi kinapotaka, aghalabu wakati ule ule unapobana triga. Katika nusu ya kwanza ya shindano letu la wanawake, yaani risasi 30 za usahihi, unapewa dakika 5 kwa kila risasi 5, na muda huo unatosha kujirekebisha. Katika nusu ya pili shabaha hujitokeza kwa sekunde 3 na kujificha kwa sekunde 7, risasi moja kila inapojitokeza, na hapo mkono sharti uinuke ukiwa umeshajua mahali pake.

Ninapolalamikia ushoto wangu, mume wangu hunikumbusha habari za Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria ambaye mkono wake wa kulia uliharibiwa na guruneti mwaka 1938, akajifunza kulenga kwa kushoto, kisha akashinda dhahabu ya bastola ya kasi kwenye Olimpiki za London mwaka 1948 na za Helsinki mwaka 1952. Mimi humjibu kwamba Takács lazima alikuwa na fundi.

Njia ya kwanza niliyoifikiria ilikuwa kuagiza mpini wa kushoto kutoka Ulaya. Bei niliyopewa, pamoja na usafirishaji na ushuru, ilizidi mara mbili ya kile nilichokuja kulipa Kisumu, na bado ningelazimika kukisia ukubwa kwa kuulaza mkono juu ya karatasi na kuupima kwa rula. Njia ya pili ilikuwa fundi mmoja wa hapa hapa Nakuru, ambaye sitamtaja. Huyu alinisikiliza kwa dakika mbili, akaniambia bila wasiwasi wowote, "Mama, wewe iache hapa bastola mpaka Ijumaa, utaikuta tayari." Nilimshukuru, nikaondoka. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu asiye na cheti kukaa na silaha ya mwingine hata kwa usiku mmoja, na anayefanya biashara ya kuzirekebisha sharti awe amesajiliwa. Mwenye silaha anayeiacha juu ya meza ya seremala anahatarisha leseni yake, na anamtia matatani seremala mwenyewe, ambaye labda hata hajui kwamba ametenda kosa. Hili nalisema kwa urefu kidogo kwa sababu nimewasikia watu wazima, tena wenye leseni za miaka mingi, wakilizungumza kana kwamba ni kupeleka saa kwa fundi saa.

Aliyenitoa kwenye mkwamo huo ni fundi wa silaha mwenye leseni, jijini Nairobi, anayenihudumia bastola kila mwaka. Yeye hachongi mbao na alikiri hivyo bila aibu. Alichofanya ni kuufungua mpini wa zamani, akanikabidhi huo peke yake, na kuniagiza kwamba bastola ibaki ndani ya sefu hadi siku ya kuujaribisha mpini mpya mbele yake. Seremala, alisema, hahitaji bastola; anahitaji tundu lililomo ndani ya mpini wa zamani, na anahitaji mkono wangu. Maneno hayo yalinionekania kama faraja ya kumfukuzia mteja, lakini nilipofika Kibuye niliyasikia tena, karibu neno kwa neno, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukutana naye.

Nilielekezwa kwake na mwalimu mwenzangu wa Kisumu ambaye baba yake alichongewa huko mkongojo. Nilipanda matatu asubuhi na mapema, tukapita Mau Summit, Kericho, Awasi na Ahero, na kabla ya saa sita nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha mabati kilichozungukwa na vitanda visivyopakwa rangi. Fundi ni mzee wa miaka kama sitini hivi. Nilimtolea mpini wa zamani kutoka kwenye mkoba, akautazama kwa nje kwa muda mfupi sana, akachungulia tundu la ndani kwa muda mrefu zaidi, kisha akauweka kando na kuniambia nimwonyeshe mkono.

"Nyar Nakuru," yaani binti wa Nakuru, aliniambia kwa Kijaluo, na jina hilo limeniganda hadi leo, "mkono huu umezoea kushika nini?"

"Chaki, jaduong'," nilimjibu, nikimwita mzee kwa lugha yake. "Miaka 22."

Aliucheka mkono wangu kwa upole, akanionyesha sugu iliyo kwenye kidole changu cha kati na kuniambia kwamba kidole hicho ndicho kitakachofanya kazi. Hakukosea. Mkufunzi yeyote wa bastola atakwambia kwamba nguvu ya kushika hutoka kwenye kidole cha kati na cha pete, zikivuta moja kwa moja kuelekea nyuma, wakati kidole cha mwisho kinasindikiza tu, kidole gumba kinapumzika, na kidole cha shahada hakigusi mbao kabisa ili kiweze kubana triga bila kuisukuma bastola kando. Mzee huyu hajawahi kulenga shabaha maishani mwake. Anajua mipini ya majembe, ya shoka, ya mikongojo na ya tindo, na ameona mikono iliyochubuliwa na mipini mibaya. (Nami nilichapwa kiboko darasa la pili kwa kuandika kwa mkono huu huu, kwa hiyo kumwona mtu akiuchunguza kwa heshima namna hiyo kulinifanya nimpende kabla hajashika hata patasi.)

Kisha akatuma kijana wake aende sokoni kwa akina mama wauzao vyungu, akarudi na bonge la udongo wa kufinyangia. Fundi aliufinyanga kuzunguka kijiti, akanisimamisha wima, akaniambia ninyooshe mkono kana kwamba ninalenga, nifumbe macho, nishushe, niinue tena, na kila nilipofumbua macho alitazama kijiti kinaelekea wapi. Kijiti kilipoelekea kushoto aliongeza udongo nyuma ya kidole gumba. Kilipoelekea chini alipunguza udongo chini ya kiganja. Tulifanya hivyo kwa karibu saa moja na nusu, bila yeye kuchukua kipimo chochote, hadi nikawa nikifumbua macho na kukuta kijiti kikielekea kwenye msumari alioupigilia ukutani. Hapo ndipo alipochukua kalipa na kuanza kupima udongo, na kuandika tarakimu kwa penseli kwenye ukuta wa mabati, jambo ambalo nitalirudia chini kwa sababu halikunifurahisha.

Tulibishana kuhusu mbao. Yeye alitaka mvule, kwa kuwa ndiyo aliyo nayo na ndiyo anayoifahamu. Mimi niliikataa kwa sababu nyuzi zake ni pana na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na mpini huu ningeukuna kwa msasa mwenyewe nyumbani. Nilitaja mpingo, akatikisa kichwa: ni mbao inayozama majini, alisema, utakuwa umebeba jiwe. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, kwani kanuni za mashindano ya mita 25 haziruhusu bastola kuzidi gramu 1,400, na uzito unaoongezwa nyuma, mkononi, hauna faida ile ile ya uzito ulio mbele, kwenye mtutu. Mwishowe nilimletea mwenyewe, safari ya pili, kipande cha nguzo ya lango kutoka shamba la marehemu mjomba wangu kule Njoro. Ni mzeituni wa mwitu, ule ambao Wamaasai huuita oloirien na kutumia vijinga vyake kufukizia vibuyu vya maziwa, na nguzo hiyo ilikuwa imesimama kwenye jua na mvua tangu nikiwa msichana. Fundi aliikata ncha, akainusa, akaacha kubishana. Mzeituni ni mzito kuliko mbao za jozi ambazo viwanda vya Ulaya hupenda kuzitumia, lakini nyuzi zake zimeshikana, haubanduki vipande kwenye kona nyembamba, na nguzo iliyokauka kwa miaka yote hiyo, tulidhani, ilikuwa imekwisha kusinyaa kadiri inavyoweza kusinyaa. Tulikosea kidogo hapo, kama nitakavyoeleza.

Sehemu ya kazi iliyonishangaza zaidi ni jinsi alivyolipata tundu la ndani bila kuwa na bastola. Mpini hufunika kiunzi cha chuma kilicho chini ya bastola, na tundu hilo lisipokaa sawasawa na chuma, uzuri wote wa nje ni bure, kwa sababu mpini utacheza kila risasi inapotoka. Fundi alilipaka mafuta tundu la mpini wa zamani, akamimina plasta, akaisubiri ikauke, akaitoa. Ya kwanza ilikatika. Ya pili ilitoka nzima, na hiyo ndiyo iliyokuwa bastola yake kwa wiki zote zilizofuata: aliipaka masizi ya koroboi, akaiingiza ndani ya tundu jipya, akaitoa, na kila mahali penye doa jeusi palikuwa ndipo mbao ilipokuwa imezidi, akapakwangua kwa patasi nyembamba, akarudia. Nilishuhudia akirudia mara 19 siku moja, kisha nikaacha kuhesabu.

Nilikuwa nimemwandikia kanuni kwenye karatasi kwa Kiswahili. Kiti cha kiganja kisiinuke kuelekea juu kana kwamba kinaukumbatia mkono. Pembe yake na mpini isiwe chini ya digrii 90. Kifundo cha mkono kibaki wazi, kisiguswe na sehemu yoyote ya mpini. Bastola nzima, ikiwa na mpini wake, iweze kuingia ndani ya sanduku lenye nafasi ya milimita 300 kwa 150 kwa 50. Alipofika kwenye sanduku alinyamaza, akachukua kipande cha plaiwudi, na kabla sijamaliza chai alikuwa amenitengenezea sanduku lenye vipimo hivyo kamili, akanipa bure nikajipimie nyumbani. Sanduku hilo ndilo lililoniokoa. Mpini wa kwanza, pamoja na uvimbe wa kiganja na ngazi ya kidole gumba, ulikuwa na unene wa milimita 53, na hakuna jicho lingeliona hilo; sanduku liliukataa papo hapo, na ilibidi anyoe milimita 3 na zaidi kutoka upande wa kidole gumba. Baadhi ya walengaji ninaowafahamu wamenunua mipini ya bei ghali na wakaja kugundua tatizo hilo asubuhi ya mashindano.

Sasa malalamiko. Wiki 4 alizoniahidi ziligeuka 10, na sababu niliyopewa kila mara ilikuwa ile ile: majeneza. Kisumu mazishi mengi huwa mwisho wa wiki, na fundi yeyote wa mbao aliye karibu na Kibuye hupokea kazi ya jeneza siku ya Jumatano ikitakiwa Ijumaa, na mfiwa hawezi kuambiwa angoje. Nilimwelewa, na sidhani kuna mtu mwenye utu angesema mpini wangu utangulie. Nisichokielewa ni kwa nini simu yake ilizimwa kwa siku 11 mfululizo katikati ya kazi, baada ya mimi kumtumia amana ya shilingi 6,000 kwa M-Pesa, bila hata ujumbe mfupi wa kusema kwamba amekwama. Alipoiwasha alinieleza kwamba ilianguka ndani ya ndoo ya vanishi. Huenda ni kweli. Hatoi risiti, na nilipoomba moja aliniandikia kwenye kipande cha plaiwudi, ambacho nimekihifadhi kwa sababu kinanichekesha, lakini ambacho sijui kama kingenisaidia mbele ya mtu yeyote. Pia, zile tarakimu alizoziandika kwenye ukuta wa mabati zilifutika mvua ilipopenya, naye ule udongo alikuwa ameuacha juani ukapasuka, kwa hiyo safari ya pili ilibidi tuanze upya kumlengea msumari. Mtu akienda kwake nampa ushauri huu mmoja wa dhati: piga picha ya kila kipimo kwa simu yako mwenyewe, kabla hujatoka kibandani.

Kasoro kubwa ilitokea baada ya kuuchukua. Kwa fundi wa silaha mpini uliingia kwenye chuma vizuri kuliko nilivyotarajia, ukihitaji kukwanguliwa mahali pawili tu, na nikarudi nao Nakuru nikiwa na furaha. Ilikuwa mwezi wa Januari. Baada ya wiki mbili niliona mstari mwembamba unaoanzia kwenye skrubu ya kiti cha kiganja na kupanda juu kwa urefu wa sentimita 2. Kisumu iko kando ya ziwa, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina unyevu. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na Januari hewa yetu hukausha hata midomo. Mbao husinyaa kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake, na mzeituni wetu, ingawa ulikuwa nguzo ya zamani, ulikuwa umekaa kwenye kibanda cha Kibuye wiki 8 ukinywa unyevu upya. Kuongezea hapo, tundu la skrubu lilikuwa karibu mno na ncha, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeikaza skrubu hiyo kwa nguvu nisizohitaji. Hiyo sehemu ya mwisho niliificha nilipompigia simu.

Aliniambia nimrudishie. Hakubishana wala hakuuliza nani aliyekaza skrubu, ingawa nina hakika aliliona alama la bisibisi mara tu aliposhika mpini. Aliufungua ule ufa kwa kabari nyembamba, akaujaza gundi ngumu ya kuchanganya, akaubana kwenye jiriwa usiku kucha, kisha akalitoboa tundu la skrubu upya, mbali zaidi na ncha, na kulivika bomba dogo la shaba ili skrubu isiume mbao tena. Hakunitoza chochote. Ufa ule sasa ni mstari mweusi usiozidi unene wa unywele, na haujasogea tangu wakati huo, pamoja na kwamba tumepita kiangazi na sasa tumo katikati ya mvua.

Jambo jingine lililohitaji ubishi ni umaliziaji. Huyu ni fundi wa samani, na kwake kazi haijaisha mpaka ing'ae. Mzeituni una mistari ya kahawia na dhahabu inayopendeza mno, naye alitaka kuupaka vanishi tabaka tatu. Nilimweleza kwamba mkono unaotoa jasho juu ya vanishi huteleza, na kwamba nilitaka sehemu zote zinazogusa vidole zitobolewe vidoa vidogo vidogo kwa ncha ya msumari ili mkono ushike. Alinitazama kama niliyemwambia achore kwa mkaa kwenye shuka jeupe. Alifanya, doa moja baada ya jingine, kwa siku mbili, akilalamika chini kwa chini kwa Kijaluo, na sehemu zisizoguswa na mkono akazipaka mafuta ya kitani bila kuniuliza, labda ili kujifariji. Matokeo yake ni kwamba mpini wangu unapendeza mahali ambapo hakuna anayeushika, na unakwaruza mahali panapostahili kukwaruza.

Kuhusu matokeo ya uwanjani nitakuwa mwangalifu, kwa sababu katika miezi hii nimefanya mazoezi zaidi kuliko zamani na siwezi kuupa mpini sifa zote. Kwa risasi 30 za usahihi wastani wangu ulikuwa 251 kati ya 300 kwa mpini wa zamani. Sasa ni 266. Katika sehemu ya kasi tofauti ni kubwa zaidi, na hapo sina shaka kwamba ni mpini, kwa kuwa mkono unapoinuka vilengeo huja vikiwa vimekaribia kulingana, na sekunde ile moja niliyokuwa nikiipoteza kuvitafuta sasa naitumia kubana triga. Maumivu ya kifundo niliyokuwa nikilala nayo kila Jumamosi yamekwisha. Uzito wa bastola nzima kwenye mizani yangu ya jikoni ni gramu 1,210, kwa hiyo bado nina nafasi. Kidole cha shahada kinaifikia triga kwa ncha yake, si kwa kiungo cha kwanza, na kwa triga ambayo kanuni zinataka isibanwe kwa chini ya gramu 1,000, kwa mkono mdogo kama wangu, hilo pekee lingetosha kunipeleka Kibuye.

Ninampendekeza fundi huyu kwa mlengaji anayejua anachotaka, aliye tayari kusafiri angalau mara tatu, na asiye na mashindano ndani ya miezi mitatu ijayo. Simpendekezi kwa anayetaka kumkabidhi mzigo na kurudi siku ya kuuchukua, wala kwa mwenye bastola ya kujilinda anayetaka mpini wa kujipambia. Huyo wa pili atakataliwa hata akienda, kwani nilimwona fundi akimrudisha kijana mmoja aliyekuja na bastola kiunoni, akimwambia kwa adabu kwamba chuma hakiingii katika kibanda chake.

Nimemwagiza wa pili, wa bastola ya upepo ya mita 10 ambayo klabu yetu inatarajia kuipata, na safari hii nimempelekea plasta ya mkono wangu badala ya udongo, nimezipiga picha tarakimu zote, na nimelipa nusu tu. Ameniahidi wiki 4. Kwenye kalenda ya jikoni nimeandika 9.